Harusi, matangazo na dagaa wa Kirumba: jibu kwa mpiga filamu wa Mwanza

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mwanza. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga video za harusi, matangazo ya maduka na hoteli, na mara chache filamu fupi za mashirika. Kwa mwaka napata harusi kama 30, kila moja kwa wastani wa shilingi 900,000. Tangu mwaka jana nimeanza kurekodi, kwa fedha zangu, maisha ya wanawake wa dagaa, kuanzia visiwani wanakoanika hadi soko la Mwaloni Kirumba wanakouza, na ninataka iwe dokumentari ndefu. Nimekwama. Mwongozaji mmoja aliyenitangulia ameniambia nichague kuwa mtu wa biashara au msanii, kwa sababu matangazo yataniharibu jicho. Mwingine amesema nikusanye kwanza milioni tisa ninunue kamera ya filamu. Je, yupo aliyeweza kufanya yote mawili? Nianzie wapi? Na je, nitumie jina langu kotekote?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ushauri huo wa aina mbili nimewahi kupewa mimi pia, na mmojawapo ulinigharimu miaka.

Ndiyo, wapo waliofanya yote mawili, na si wachache. Ukiiondoa fedha ya biashara katika historia ya filamu za hali halisi, yaani dokumentari, sehemu kubwa ya historia hiyo inatoweka. Anayekuambia uchague anakupa sharti ambalo wakubwa wengi wa fani hii hawakulifuata. Hata hivyo ushauri ninaouogopa zaidi ni ule wa kamera ya milioni tisa, kwa sababu unafanana na busara, na utakuchukulia miaka miwili bila wewe kuhisi kwamba kuna kitu kimechukuliwa. Kwa maelezo yako mwenyewe, unachokikosa ni siku za kukaa na wale wanawake. Kazi ya biashara ikununulie siku hizo kabla haijakununulia chombo chochote.

Tazama fani yenyewe ilikoanzia. Robert Flaherty, Mmarekani ambaye filamu yake Nanook of the North ya mwaka 1922 huhesabiwa kuwa miongoni mwa dokumentari ndefu za mwanzo kabisa, alifika kaskazini mwa Kanada kwanza akiwa mtafuta madini ya chuma kwa tajiri wa reli. Filamu hiyo ilipopata wa kuilipia, aliyeilipia alikuwa Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa ya biashara ya ngozi na manyoya ya wanyama. Ndugu wawili Albert na David Maysles walipiga matangazo na filamu za makampuni, na kwa fedha hizo wakajilipia Salesman ya mwaka 1969, inayowafuata wauzaji wanne wa Biblia wakibisha hodi nyumba kwa nyumba. Errol Morris, baada ya filamu yake ya pili ya mwaka 1981, alikosa fedha za kuendelea na kwa muda akafanya kazi ya upelelezi binafsi. Mwaka 1988 alitoa The Thin Blue Line, iliyochangia kuachiwa kwa Randall Dale Adams mwaka uliofuata, mtu aliyekuwa amefungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Baada ya hapo Morris ameongoza matangazo mengi, yakiwemo ya bia ya Miller High Life na yale ya Apple ya mwaka 2002, na katikati ya kazi hizo akatengeneza The Fog of War, iliyopata Oscar mwaka 2004.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Uholanzi. Bert Haanstra aliagizwa na kiwanda cha vioo cha Leerdam kutengeneza filamu ya kukitangaza. Akaitengeneza kama alivyoagizwa, lakini akiwa humo kiwandani, mbele ya moto na mashavu ya mafundi yaliyovimba kwa kupuliza kioo, aliona filamu nyingine ambayo mteja hakuiomba, na akapata ruhusa ya kuipiga pia. Hiyo ya pili ni Glas ya mwaka 1958, filamu ya dakika kama kumi isiyo na msimulizi, ambamo mikono na pumzi za mafundi zinakwenda na muziki, kisha zinafuatwa na mashine ya chupa ambayo wakati fulani inakosea na kuanza kuvunja chupa huku ikiendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Glas ndiyo iliyopata Oscar na ndiyo inayooneshwa hadi leo. Nakuomba ukumbuke kwamba Haanstra hakumwibia mteja muda wala picha: alimkabidhi kilichoagizwa, na kwa kingine aliomba. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye mikataba.

Tuje karibu na kwetu, Nairobi, kwa mtu ambaye safari yake inafaa kusomwa na kila anayepiga video za biashara katika ukanda huu. Judy Kibinge alisomea usanifu wa mawasiliano Manchester, Uingereza, akarudi Kenya na kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika wakala wa matangazo wa McCann Erickson hadi kufikia nafasi ya mkurugenzi wa ubunifu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliiacha ajira hiyo akaingia kwenye filamu. Ukiziweka kazi zake kwa mfuatano wa miaka, utaona kwamba hakuvuka mto mmoja na kubaki ng'ambo. Mwaka 2002 kuna filamu za kuigiza, The Aftermath na Dangerous Affair. Mwaka 2008 kuna dokumentari fupi Coming of Age, inayohusu kukua kwa demokrasia ya Kenya. Mwaka 2010 kuna Headlines in History, inayosimulia historia ya Nation Media Group, kampuni kubwa ya habari. Mwaka 2013 kuna Something Necessary, ya kuigiza, kuhusu mwanamke anayejaribu kuyajenga upya maisha yake baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Na mwaka 2015 kuna Scarred, dokumentari kuhusu mauaji ya Wagalla.

Nikae kidogo kwenye hiyo ya mwisho. Februari 1984, katika operesheni ya vikosi vya usalama vya Kenya, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka Wajir na vijiji vya jirani, wakapelekwa uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa kwa siku kadhaa kwenye jua kali bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali kwa miaka mingi ilitaja idadi ya vifo 57, idadi ambayo manusura hawakuikubali kamwe. Filamu ilitoka miaka 31 baada ya tukio. Hakuna mteja wa kibiashara ambaye angeiagiza kazi ya namna hiyo, na hakuna mwongozaji anayeweza kuifanya katika ratiba ya siku nne za kupiga na wiki moja ya kuhariri, kwa sababu mzee aliyenyamaza miaka 30 hasemi siku ya kwanza. Ninavyoisoma orodha hiyo ya kazi, kazi za kuagizwa na kazi za kuigiza zilimpa mwongozaji ufundi, jina na mikono ya kufanyia kazi. Lakini kilichohitajika Wagalla kilikuwa muda wa kusikiliza, na muda huo lazima mtu autafute mahali. Sishangai kwamba Kibinge huyohuyo ndiye aliyeanzisha Docubox, mfuko wa Nairobi unaosaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki. Aliyekulia kwenye matangazo anajua bei ya siku moja ya kazi, na anaona haraka ni nani asiyelipiwa siku zake.

Sasa tuhesabu zako. Harusi 30 kwa shilingi 900,000 ni shilingi 27,000,000 kwa mwaka kabla ya kuwalipa wasaidizi, mhariri, usafiri na kodi. Kwa makadirio yangu ya nauli ya boti, msaidizi mmoja wa sauti, chakula na chaji za betri kisiwani, siku moja ya kurekodi inakugharimu kama shilingi 90,000. Ukitenga sehemu moja ya kumi ya mapato ya harusi, yaani shilingi 2,700,000, umenunua siku 30 za kurekodi kwa mwaka mmoja. Kamera unayoshauriwa kununua ni siku 100. Uulize moyo wako: filamu yako itakuwa bora zaidi kwa siku 100 za ziada na kamera uliyo nayo, au kwa kamera mpya na siku zilezile chache ulizopata mwaka jana? Mimi nilinunua kamera. Nilikuwa na umri kama wako, nikaamini kwamba picha zangu hazifanani na filamu kwa sababu ya lenzi, nikafanya matangazo mfululizo kuilipia, na siku niliyoipata, fundi wa mashua niliyetaka kumrekodi alikuwa ameshahamia kwa mwanawe na karakana yake imefungwa. Kamera hiyo nilikuja kuiuza, na fundi yule hakurudi tena kwenye kazi yake.

Fedha hiyo ya kumi usiiache kwenye akaunti unayotumia kila siku. Ifungulie akaunti yake, na uitoe siku ileile unayolipwa malipo ya awali, kabla ya kumlipa mtu mwingine yeyote. Ukisubiri ibaki mwisho wa mwezi, haitabaki. Sisi sote tunaoishi kwa kazi za mkononi tunalijua hilo.

Siku nazo ziwekee kalenda, na hapa una bahati ambayo wengi hawana, kwa sababu kazi zako mbili zina majira yanayopishana. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili mwanga wa taa hauwavuti tena, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwezi tayari unajua ni wiki zipi kisiwa kinachangamka na wanawake hawalali wakisubiri mitumbwi alfajiri, na ni wiki zipi wanashona nyavu, wanadaiana, wanagombana na wanapumzika. Na usizidharau hizo za pili, kwani maneno mengi ya maana hutoka mikono ikiwa haina kazi. Upande wa harusi, Jumamosi ni za wateja wako, na hilo hubadilika mara chache sana, lakini harusi za Kanisa Katoliki hupungua sana wakati wa Kwaresima na za Waislamu hupungua mwezi wa Ramadhani. Wapiga video wengi huiona miezi hiyo kuwa ya njaa. Wewe iandike mapema kwenye kalenda yako kuwa ya kisiwani. Halafu masika ikija, wakati mvua inapoharibu dagaa waliotandazwa mchangani na mwenye vichanja vya kuanikia anapata nafuu kuliko asiye navyo, usikubali kuikosa kwa ajili ya tangazo la hoteli, kwa sababu filamu yako bila mvua itakuwa na wanawake wanaofanya kazi, lakini haitakuwa na kitu wanachokihofia.

Nimtendee haki pia yule aliyekuambia matangazo yanaharibu jicho, maana kuna ukweli ndani ya neno lake. Matangazo yanafundisha mambo mazuri: kuiona fikra ya kazi nzima na kuisema kwa sentensi moja, kuheshimu saa, kupanga mwanga katika chumba kibaya, na kuzungumza na mtu anayeogopa kamera mpaka mabega yake yashuke. Harusi zinafundisha jambo ambalo shule za filamu hazilifundishi vizuri, yaani kuwa mahali panapofaa sekunde mbili kabla ya tukio lisilorudiwa. Mama akimkabidhi bintiye, hakuna wa kumwambia arudie. Ukiwa umepiga harusi 180, una miguu ya mtu wa hali halisi.

Yanayoharibu ni mazoea ya aina nyingine. Tangazo linaogopa kimya, na mhariri wa matangazo hukata pale mtu anapomaliza kusema, wakati katika dokumentari mara nyingi jambo lenyewe hutokea sekunde tano baadaye, usoni, mtu anapofikiria alichokwisha kukisema. Tangazo humwomba mtu arudie kitendo ili picha iwe safi. Mwanamke anayeanika dagaa ukimwambia arudie kumwaga ndoo, kuanzia hapo atakuwa anakuigizia, na huenda usimpate tena alivyo. Tangazo huanza na muziki, na muziki ukishawekwa, macho hayatafuti tena maana kwa sababu yameshaambiwa yahisi nini. Basi ukikaa kuhariri, fanya rasimu ya kwanza bila muziki wowote na bila picha ya droni hata moja, na kila unapotaka kukata, subiri kidogo zaidi ya mkono wako unavyotaka. Utaona mwenyewe ni wapi tangazo linakuvuta. Ufundi unaweza kusafiri kati ya kazi hizi mbili bila kuharibu kitu, na Morris ni ushahidi: kifaa alichokibuni cha kumwezesha anayehojiwa kuuona uso wa anayemhoji juu ya lenzi, ili amtazame mtazamaji moja kwa moja, kimefaa katika matangazo na katika dokumentari zake. Kinachobadilika ni sababu ya kumhoji mtu, na uhuru wake wa kusema jambo usilolitarajia.

Filamu za mashirika nazitenga peke yake, kwa sababu ndizo zinazofanana zaidi na dokumentari na ndizo zenye mtego mkubwa. Shirika linapokuagiza, mtu unayemrekodi anaitwa mnufaika, na hadithi yake imeshaandikwa: alikuwa na shida, mradi ukaja, sasa ana furaha. Si kwamba ni uongo kila mara. Lakini ukifika Kirumba umevaa fulana ya mradi leo, kisha mwezi ujao unarudi na filamu yako, yule mama atakujibu kama mradi unavyotaka kujibiwa, akitumaini mtaji, na hutajua unasikiliza nini. Ushauri wangu ni mkali kidogo: usichukue kazi ya shirika lolote linalohusu wanawake haohao wa dagaa katika kipindi chote unachotengeneza filamu hii. Chukua za shule, za mahindi, za maji, popote pengine.

Lipo pia jeraha la zamani ambalo watu wa ziwa hilo hawajalisahau. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza kuhusu sangara, ndege za mizigo na umaskini wa pembeni mwa biashara hiyo. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani kwa jinsi ilivyoionesha nchi. Wapo wanaoitetea na wapo wanaoichukia, na unapaswa kuitazama mwenyewe. Ninachokuambia ni kwamba baadhi ya utakaowakuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanajua maana ya kurekodiwa kisha picha zikaenda mbali bila wao kuziona. Waoneshe picha zao mapema, kwenye simu yako au kwa projekta ukutani jioni, kabla hazijaonwa na mtu yeyote wa mjini. Pata ridhaa yao kwa maneno wanayoyaelewa, iandikwe, na uirudie kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu maisha ya mtu hubadilika na aliyekubali akiwa na mume anaweza kukataa akiwa mjane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo ningekuambia hivyohivyo.

Kuhusu mikataba, nilipoteza kitu ambacho bado kinaniuma. Zamani niliagizwa na shirika moja kupiga filamu ya mradi wa wavuvi, na katika siku hizo mzee mmoja aliniimbia wimbo wa kupiga makasia ambao sijausikia kwa mtu mwingine tangu hapo. Mkataba ulisema picha zote, pamoja na ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa, ni mali ya shirika. Katika filamu yao wimbo haukutumika. Nilipouomba miaka miwili baadaye, niliambiwa picha ghafi zilifutwa ili kupata nafasi ya miradi mingine, na mzee alikuwa amefariki. Hawakuvunja mkataba hata kidogo. Kosa lilikuwa langu kusaini bila kuongeza sentensi mbili. Sentensi hizo ni hizi: kwamba mteja anamiliki filamu iliyokamilika, na kwamba picha ghafi ambazo hazikuingia ndani yake zinabaki kwako, au angalau hazifutwi bila wewe kuarifiwa na kupewa nakala. Wateja wengi wa maduka na hoteli watakubali bila neno. Mashirika makubwa yatakataa mara nyingi, na hapo utajua mapema kwamba usirekodi humo kitu unachokipenda. Ukifanya kazi upande wa Kenya uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya huko ya mwaka 2001 huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa mali ya aliyeiagiza isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Usisahau pia mfano wa Haanstra: ukiona filamu yako ndani ya kazi ya mteja, omba ruhusa kwa maandishi siku hiyohiyo.

Vibali sitavieleza kwa urefu. Nenda Bodi ya Filamu na maelezo ya mradi, beba utambulisho wa serikali ya kijiji na wa uongozi wa mwalo, na droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini kuhusu kutunza picha sinyamazi. Flaherty niliyemtaja alikuwa ameshapiga filamu nzima ya kaskazini kabla ya Nanook, na mwaka 1916, mjini Toronto, moto wa sigara yake ukateketeza negativu zake, maelfu ya futi. Ilimbidi kurudi na kuanza upya. Wewe leo unaweza kupoteza mwaka mzima kwa kudondosha diski moja majini. Nunua diski mbili zinazofanana. Kila jioni nakili kwenye zote mbili kabla ya kulala. Moja ikae kwako, nyingine kwa mtu wa nje ya nyumba yako. Gharama hiyo itoke kwenye ile sehemu ya kumi, na iwe ya kwanza.

Fedha za nje zipo, na ziombe, lakini si leo. Docubox inapokea watu wa Afrika Mashariki, IDFA Bertha Fund ya Amsterdam husaidia dokumentari za Afrika, mfuko wa Hot Docs na Blue Ice wa Kanada umewahi kuzisaidia, na Durban FilmMart ni mahali pa kukutana na watayarishaji. Wote watakuuliza mambo yaleyale: ni nani utakayemfuata, kwa nini wewe ndiye unayeweza kumfuata, na wataomba kuona dakika chache za picha zako. Video ya harusi nzuri kuliko zote haitakusaidia hapo. Dakika sita za mama mmoja akihesabu ndoo alfajiri, akikosana na mwenye mtumbwi na kukaa kimya baadaye zitakusaidia sana, na dakika hizo sita zinapatikana kwa zile siku 30. Kazi hizi huchukua miaka hata kwa waliopata misaada. Softie ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi wa Nairobi, ilianza ikiwa wazo la filamu fupi, ikachukua miaka kadhaa hadi kupata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, kuhusu bibi wa Kilifi anayetuhumiwa uchawi ndani ya ukoo wake, ilizinduliwa Amsterdam mwaka 2019 baada ya miaka ya kwenda na kurudi pwani ya Kenya. Filamu kama hiyo haitoki kwa mgeni wa wiki mbili. Familia ile ilikuwa imewazoea hata ikaendelea na ugomvi wake mbele ya kamera.

Umeniuliza mwisho kuhusu jina. Tumia jina lako mwenyewe kotekote, kwa sababu mwanamke wa mwaloni akiuliza wewe ni nani, mtu wa mtaani atamwambia ndiye aliyempigia video ya harusi mpwa wake, na hiyo ni barua ya utambulisho iliyo bora kuliko kadi yoyote. Kazi zenyewe zitenganishe: video moja ya kuwaonesha wateja, nyingine ya kuwaonesha watu wa dokumentari, kila moja isizidi dakika tatu, na usipeleke ya huku kule. Ile ya dokumentari kwa sasa itakuwa fupi mno, pengine dakika moja tu. Angalia kalenda ya mwezi, hesabu siku hadi giza lijalo, mweleze bwana harusi wa Jumamosi hiyo kwamba msaidizi wako ndiye atakayeongoza na umpunguzie bei, kisha panda boti na maikrofoni nzuri na betri za kutosha. Siku ya kwanza kisiwani acha kamera begini mpaka mchana. Wasaidie kugeuza dagaa.